Tusilipue

Ulikuwepo. Usianze kusema ulikuwa safarini, wala usisingizie homa. Ulikuwepo sikukuu ile kijana wa fundi wa kuchomelea alipookota fataki iliyogoma kulia, akainamia utambi kuupuliza, na fataki ikaamua kulia papo hapo, kiganjani mwake. Ulisikia yowe, ukainua pazia, ukaona watu wanakimbia naye, mkono umefungwa kwa shati. Ukashusha pazia. Ukaongeza sauti ya redio. Kesho yake ukasema "masikini, ajali ni ajali," ukaenda kunywa chai. Na sikukuu iliyofuata, kofia ya mchango wa fataki ilipokupitia, ulitia mkono mfukoni kama kawaida.

Wala usijitetee kwamba hakuna aliyekuambia. Yupo aliyekuambia. Ila ulimtazama usoni, ukajua ana wivu, ukamcheka. Basi kaa hapo usikie habari yake yote, pamoja na wivu wenyewe, maana hapa hasitiriwi mtu.

Alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimwita Sponji. Jina lilitokana na kazi, lakini lilimkaa kwa sababu nyingine pia. Neno baya ukimwambia leo, alilinyonya lote, akanyamaza nalo; ukija kumbinya miaka imepita, lilitoka bichi kama lilivyoingia.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu mwisho wa mtaa. Sponji zilipangwa mpaka darini, makopo ya gundi yalijaa chini ya meza, na mabaki ya vitambaa yalitapakaa kila pembe. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mbao, na upande wa pili wa mbao hizo ilikuwa stoo ya duka la wifi yake, mke wa kaka yake. Wifi huyo aliitwa Mama Shangwe. Hilo nalo halihitaji maelezo. Alikuwa na sauti ya kuamsha maiti na kicheko cha kumlaza mtoto, na hapakuwa na shughuli mtaani iliyoanza kabla yeye hajafika.

Sponji hakujaliwa mtoto. Alichojaliwa ni Chiriku, binti wa kaka yake huyo na Mama Shangwe, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Tangu akiwa anatambaa, Chiriku alikuwa mtoto wa karakana. Akirudi shule alitupa begi juu ya sponji, akakaa mezani, akashika sindano ndefu ya kufungia vifungo mgongoni mwa kochi. Kazi hiyo ngumu. Unaichomeka sindano upande wa mbele, inapotelea ndani ya sponji, na upande wa nyuma inabidi uidake gizani, kwa kupapasa. Mafundi wakubwa hujichoma. Chiriku hakujichoma. Vidole vyake vilikuwa kama vina macho.

"Shangazi, mimi nikikua nitakunyang'anya wateja," alikuwa akisema.

"Nyang'anya. Utawanyang'anyia wapi, na karakana yenyewe nitakuachia?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa mali ya Sponji: saa za jioni na mdomo wa mtoto yule. Vingine vyote alivyokuwa navyo Mama Shangwe, Sponji hakuwa navyo. Watu wakipita walimsalimia Mama Shangwe kwanza, kisha wakageuka, "Oh, na wewe Sponji upo?" Kwenye mikutano ya mtaa Mama Shangwe alitengewa kiti kikubwa chekundu, kiti ambacho Sponji alikivalisha bure, kwa mikono yake, akidhani siku moja ataambiwa akikalie. "Kitambaa changu, pini zangu, makalio yake," alijisemea kila mara. Alivumilia. Alijua ikifika jioni, mtoto atatupa begi juu ya sponji.

Halafu zikaja katoni.

Zilikuja kwa mkokoteni, mchana kweupe, zimeandikwa biskuti. Mama Shangwe alizipokea mwenyewe, akazipanga stoo, akafunga kufuli. Biskuti gani hizo zinazonuka kiberiti? Mtaa mzima ulijua ni fataki za magendo, zile zilizopigwa marufuku, zisizo na jina la aliyezitengeneza wala maelezo ya namna ya kuziwasha. Mtaa mzima ulifurahi. Na Chiriku, tangu siku hiyo, hakutupa begi karakana tena. Alishinda dukani kwa mama yake, akilinda biskuti.

Sponji alimsikia akicheka upande wa pili wa mbao. Kusikia kicheko cha mtoto ukutani na usimwone, hilo lilimkata maini kuliko kiti, kuliko salamu, kuliko yote.

Siku moja kabla ya mkutano wa sikukuu, mtoto akaja. Moyo wa Sponji ukaruka.

"Hujambo, mchumba aliyenitupa?"

"Sijambo, shangazi. Sikai. Nimekuja kukupa habari tu." Chiriku alikuwa anahema kwa furaha. "Mama amesema mwaka huu fataki ya kwanza naiwasha mimi! Ile kubwa! Mtaa mzima utanisubiri mimi!"

"Wewe?"

"Mimi! Na nimeshajifunza. Ona." Akatoa mfukoni kitu kama mshumaa mnene wa karatasi nyekundu, akakiweka mezani, kando ya kopo la gundi lililokuwa wazi. "Utambi wake ulikuwa umejificha ndani, nikauvuta kwa meno. Sasa umetoka kidogo. Unatosha, si eti?"

Kwa meno. Sponji alitazama yale meno, akatazama vidole vilivyokuwa vinabonyeza utambi, akamkumbuka kijana wa fundi wa kuchomelea, ambaye siku hizi hufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Aliipokonya fataki, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaishikilia chini kama anazamisha panya.

Chiriku alipiga kelele. "Shangazi! Umeiharibu!"

"Nimeiharibu kabla haijakuharibu."

"Mama alisema utafanya hivi! Alisema shangazi yako atanuna, kwa sababu ana wivu!" Akatoka mbio, na mlango ukabaki unapigapiga.

Sasa hapo ndipo penye utata, na ukweli usemwe. Mtoto hakukosea. Sponji alisimama pale na mkono umelowa mpaka kwenye kiwiko, akajiuliza: Ningeogopa hivi kama angekuwa amekaa hapa kwangu akishona? Hakupata jibu lililomfurahisha.

Akaenda kwa kaka yake. Alimkuta barazani, ameinamia simu.

"Kaka, mke wako anataka kumpa mtoto moto."

"Mtoto gani?"

"Una wangapi?"

"Aa, dada. Wewe na wifi yako mnanichosha. Mara kiti, mara salamu, leo fataki. Kazungumzeni wenyewe." Kidole chake kiliendelea kusukuma kioo cha simu.

Akaingia dukani. Mama Shangwe alikuwa amezungukwa na wateja, na wateja wote walikuwa wanacheka.

"Karibu, wifi! Umekuja kununua au kununa?"

Duka likaangua kicheko. Sponji alisikia mashavu yakiwaka.

"Wifi, mtoto anavuta tambi kwa meno. Hizo katoni zimeegemea ukuta wangu, na upande wangu kuna gundi na sponji. Ikipita cheche..."

"Wifi yangu jamani." Mama Shangwe aliegemea kaunta, sauti imeshuka, tamu. "Mtoto amenipenda mwezi mmoja tu, tayari roho inakuuma? Mimi nimekuachia miaka yote hiyo. Nilisema chochote? Alikuwa anakuja nyumbani ameshakula kwako, ameshacheka kwako, ananiletea mimi usingizi tu. Sasa ni zamu yangu."

Hilo Sponji hakulitegemea. Kumbe hata Mama Shangwe, mwenye mtaa mzima mkononi, alikuwa anauma meno kwa ajili ya meza moja yenye vitambaa! Badala ya kumhurumia, Sponji alifurahi. Wivu ndivyo ulivyo. Alitoka pale ameshindwa maneno lakini amenyanyua shingo, na katoni zikabaki palepale.

Mkutano ulifanyika mchana wa siku ya pili, kwenye uwanja wa fundi bati. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameketi mbele, na kando yake, kwenye kiti chekundu, Mama Shangwe. Watu walisema hili na lile, nani atapamba, nani atapika. Ndipo Sponji akainua mkono. Hakuwa amewahi kusema kwenye mkutano. Alikuwa amepanga maneno mengi, ya kijana wa fundi wa kuchomelea, ya ukuta, ya gundi, ya mtoto, lakini watu walipogeuka wote kumtazama, na Mama Shangwe akatabasamu, maneno yote yakamkimbia, likabaki moja.

"Jamani," alisema. "Mwaka huu tusilipue!"

Sasa elewa, mtaa huu ni wa mafundi. Seremala, fundi bati, wa cherehani, wa rangi, wote wapo. Kwa mafundi, kulipua hakuna undugu na baruti. Kulipua ni kufanya kazi harakaharaka ili mradi iishe: kochi lenye pini zinazochungulia, bati linalovuja mvua ya kwanza, ukuta uliopakwa rangi mkono mmoja tu. "Fundi, usinilipulie," ndiyo salamu ya kila mteja. Basi Sponji aliposema tusilipue, mtaa ulisikia: Mwaka huu tusifanye sikukuu ya ovyo ovyo. Tufanye kubwa!

Makofi yalilipuka. Fundi rangi alipiga mluzi. Seremala alisimama, "Huyo ndiye Sponji! Amekaa kimya miaka, akisema, amesema!" Mama Shangwe mwenyewe aliinuka kitini, macho yamemtoka kwa mshangao na furaha, akamkumbatia mbele ya watu.

"Mmemsikia wifi yangu! Hatulipui! Katoni tulizonazo hazitoshi, tuongeze!"

"Tuongezeee!"

Na Sponji?

Sponji alinyamaza. Alifungua mdomo kusahihisha, akaona nyuso zote zinamchekea kwa upendo, na mtu mmoja akamvutia kiti. Hakuwahi kuvutiwa kiti. Akaketi. Makofi yalimwingia mwilini kama maji ya moto siku ya baridi. Alijua wameelewa vibaya. Alijua vizuri sana. Akajiambia atawaeleza baadaye, mmojammoja, taratibu.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Fundi wa kuchomelea alikuwa amesimama nyuma, mikono mifukoni. Yeye pia ni fundi, lakini nyumbani kwake neno lile lilikuwa limeshabadilika maana. Yeye alimwelewa. Alimkazia Sponji macho, akingoja asimame tena. Sponji akainama, akajifanya anaokota uzi kwenye gauni.

Kwa siku zilizobaki alikuwa malkia. "Hatulipui, Sponji!" walimwita vijana wakipita. Wateja waliongezeka. Mkokoteni ukaleta katoni mpya, nyingi kuliko za kwanza, na zilipopangwa stoo Sponji alisikia mbao za ukuta wake zikilia kwa uzito. Yeye ndiye aliyezileta hizo. Kila katoni iliyoongezeka ilikuwa na makofi yake ndani. Usiku hakuwaza kingine, na mchana alikwepa kupita mbele ya karakana ya fundi wa kuchomelea.

Siku ya sikukuu jua likaanza kushuka, na mtaa ukajaa. Katoni zilitolewa stoo, zikapangwa katikati ya njia. Chiriku alivaa gauni jipya, nywele zimesukwa, kiberiti mkononi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ile fataki kubwa, iliyosimikwa kando ya katoni, akipapasa utambi kwa vidole vile vile, akiutafuta kama anavyotafuta ncha ya sindano ndani ya sponji. Na hapo Sponji akaona kosa lilipo. Mtoto alikuwa amesogeza uso karibu kabisa. Ndivyo alivyomfundisha yeye. *Sogeza uso, Chiriku, papasa taratibu, usiogope, ncha itakuja yenyewe.* Mtoto hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa anafanya kazi ya baruti kwa adabu ya kazi ya makochi.

Sponji alipita katikati ya watu kwa viwiko. Alimshika mtoto kwapani, akamwondoa, akapanda juu ya rundo la katoni, akakaa.

Watu wakacheka. Walidhani ni mzaha wa malkia.

"Shuka, Sponji, utaruka na wewe!"

"Sishuki. Siku ile niliposema tusilipue, sikumaanisha mlivyosikia. Nilimaanisha hivi. Vitu hivi. Tusivilipue. Nikaona mnanipigia makofi, nikanyamaza, kwa sababu sijawahi kupigiwa makofi. Ni hivyo tu. Sasa nasema tena: tusilipue."

Kicheko kilikatika. Mama Shangwe alijitokeza mbele, mikono kiunoni.

"Wifi, usinitie aibu mbele ya watu. Huo ni wivu. Kila mtu hapa anajua ni wivu."

"Ndiyo," Sponji alisema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, ni wivu. Nina wivu, wifi. Nauonea wivu mdomo wako, duka lako, hicho kiti nilichokushonea. Namwonea wivu mtoto akicheka kwako. Ukitaka nitautangaza na kipaza sauti. Ila baruti haina habari na wivu wangu. Hata ningekuwa nakupenda kama pacha wangu, utambi ungekuwa mfupi vile vile. Muulizeni mwenye kijana."

Hakuna aliyegeuka kumtazama fundi wa kuchomelea. Walitazama viatu vyao, kama ulivyotazama vyako.

Aliyesema ni Chiriku. Alikuwa analia mpaka kamasi. "Shuka, shangazi! Ni siku yangu! Nakuchukia! Sitakuja kwako tena, hata siku moja!" Akageuka, akajitupa kwa mama yake, akazika uso tumboni mwake, na Mama Shangwe akamkumbatia kwa mikono yote miwili.

Sponji aliona. Alikaa juu ya zile katoni akatazama kitu alichokipigania siku zote hizo kikienda chenyewe, kwa miguu yake, upande wa pili. Kushuka ilikuwa rahisi. Kuinuka tu, kusema "haya, mama, washa," na mtoto angerudi kumkumbatia yeye. Alishika pembe za katoni kwa mikono yote miwili ili asiinuke.

Kaka yake alikuwa amesimama palepale, amenyanyua simu, anapiga picha ya video.

Ndipo watu wakapisha njia. Fundi wa kuchomelea alikuja na ndoo mbili za maji, moja kila mkono. Hakuomba ruhusa kwa mwenyekiti wala kwa mtu. Akamwaga ya kwanza, na kwa kuwa Sponji hakushuka, akamlowesha na yeye, kuanzia kiuno.

"Samahani, dada."

"Mwaga tu, kaka. Pembe ile bado kavu."

Seremala akafuata na sufuria. Fundi bati akaleta karai. Katoni zilinywea, zikapasuka, na uji mwekundu wa karatasi ukatiririka kwenye mtaro. Mama Shangwe alitukana, akaapa, akasema mtaa huu hautakaa uone furaha tena. Halafu watoto wakabaki wanawatazama wakubwa, na ikaonekana kama sikukuu imekufa kweli.

Unadhani nani aliifufua? Nani mwingine? Mama Shangwe hawezi kuona watu wamesimama bure. Alifuta machozi ya mwanawe, akafuta ya kwake, akavuta pumzi, akapiga kigelegele kilichofika mtaa wa tatu, akaanza wimbo. Watu wakaitikia kama waliokuwa wanazama na kutupiwa kamba. Wakapiga makopo, wakapiga mabati, wakapiga vifua. Chiriku akapandishwa mabegani, akicheka na macho bado yamevimba, akiongoza kiitikio kwa mikono juu. Kesho yake kila mtu alisimulia jinsi Mama Shangwe alivyoiokoa sikukuu. Sponji hakutajwa, isipokuwa kwa yale maji.

Alikuwa amesimama pembeni, gauni limemgandia mapajani, anatetemeka. Wivu ulimtafuna vibaya kuliko siku zote. Lakini macho yake hayakutoka kwenye vile vidole vilivyokuwa vinapunga hewani, na kila kimoja kilikuwepo.

Sasa wewe. Sikukuu ya mtaa wenu haiko mbali, na katoni zimeshafika. Unajua ziko stoo ya nani. Unajua zimeandikwa nini juu. Unajua pia mtoto gani ameahidiwa kuwasha ya kwanza. Usingoje mtu msafi, asiye na wivu wala kisirani, aje kukusemea. Mtu huyo hayupo. Wakikuambia una wivu, wakubalie, kisha uendelee na kazi. Mwambie mwenyekiti leo, na akikuangalia tu, waambie majirani mbele yake. Weka chini hii karatasi. Jaza ndoo. Toka nje ukabishe hodi mlango ule sasa hivi, kabla mtoto hajatumwa kiberiti.